Hugh McKay: Mwana wa wahamiaji aliyewapunguzia wakulima jasho la mavuno, kisha akapinga shilingi moja ya kibarua

MNAMO Novemba 8, 1907, jaji mmoja mjini Melbourne, Australia, alitoa uamuzi ambao kiini chake kilikuwa shilingi moja tu kwa siku. Mwenye kiwanda aliyewasilisha ombi mbele yake alikuwa akiwalipa vibarua wake shilingi sita. Jaji alisema zinafaa kuwa saba.

Mwenye kiwanda huyo alikuwa Hugh Victor McKay, mkulima aliyegeuka mvumbuzi, na mvumbuzi aliyegeuka tajiri. Shilingi hiyo aliikataa, akaipinga hadi katika mahakama ya juu zaidi nchini humo, na huko akashinda. Hata hivyo, uamuzi alioupinga ndio uliokuja kuwa kipimo cha mishahara ya Waaustralia kwa takriban miaka 60.

Hapa kwetu jina la McKay halivumi. Lakini mkulima wa ngano wa Narok au Uasin Gishu anayesubiri zamu yake ya kombaini kila msimu, na mfanyakazi anayetega sikio kila Leba Dei kusikia iwapo kima cha chini cha mshahara kitaongezwa, wote wawili wana sababu ya kutaka kuyajua maisha yake.

McKay alizaliwa Agosti 21, 1865 katika kijiji cha Raywood, kaskazini mwa Victoria, ambayo enzi hizo ilikuwa koloni la Uingereza. Alikuwa wa tano kati ya watoto 12. Babake, Nathaniel McKay, na mamake, Mary Wilson, walikuwa watu wa Ulster, upande wa kaskazini wa Ireland, na walivuka bahari wakati maelfu ya watu walipokuwa wakimiminika Victoria kutafuta dhahabu.

Wahamiaji wa Ireland wa kipindi hicho walikuwa wakitoka katika nchi iliyokuwa imeumia. Ukungu wa viazi ulioanza mwaka wa 1845 ulileta njaa iliyoua takriban watu milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja hadi ng'ambo. Familia ya McKay haikuwa ya Wakatoliki maskini wa magharibi mwa kisiwa hicho, waliokufa kwa wingi zaidi, walikuwa Wapresbiteri. Ila hata wao hawakufika Australia wakiwa na mali. Nathaniel alikuwa mwashi wa mawe, akawa mchimba dhahabu, na hatimaye akawa mkulima.

Aliupata ukulima huo kutokana na sheria. Katika miaka ya 1860 serikali ya koloni ilipitisha msururu wa sheria za kugawa nyanda za malisho kwa wakulima wadogo. Mtu aliweza kuchagua hadi ekari 320, mradi aishi humo, azungushe ua, alime sehemu yake na kulipa kidogo kidogo. Wenyeji asilia wa nyanda hizo, waliokuwa wamekaa humo kwa maelfu ya miaka, hawakuulizwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi kuhusu jambo hilo.

Shamba la McKay lilikuwa Drummartin, karibu na mji mdogo wa Elmore. Hapo ndipo Hugh alipokulia. Masomo yake mengi aliyapata kwa babake, na alipofikisha umri wa miaka 13 aliacha shule ili asaidie shambani. Hakusoma uhandisi popote. Alichokijua kuhusu vyuma alikijua kwa sababu shamba la mbali na mji humlazimu mkulima kuwa mhunzi wake mwenyewe: jembe likivunjika, hakuna fundi wa kumkimbilia.

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, yafaa kwanza kueleza jinsi ngano ilivyovunwa. Katika nchi nyingi za wakati huo, mabua yalikatwa, yakafungwa mafungu, yakaanikwa, kisha yakapelekwa kupurwa. Lakini kusini mwa Australia kuna kiangazi kikavu mno. Masuke hukauka yakiwa yamesimama, na punje huachia kwa urahisi. Kwa hivyo tangu mwaka wa 1843 wakulima wa huko walikuwa na mashine ya aina yake, yenye meno kama ya kitana kikubwa, ambayo iliyachana masuke na kuyaacha mabua shambani. Farasi waliikokota, nayo ikajaza sanduku lake kwa mchanganyiko wa punje, kumvi na vipande vya masuke.

Sehemu hiyo ilikwenda upesi. Taabu ilianza pale sanduku lilipojaa. Mchanganyiko huo ulimwagwa juu ya turubai, watu wakasimama na mashine ya kupepetea iliyozungushwa kwa mkono, wakaupitisha humo mara moja, mara mbili, hadi ngano safi itengane na makapi. Kazi hii ilifanywa Desemba na Januari, ambao huko ni msimu wa joto kali, vumbi la kumvi likiingia machoni na puani. Ilihitaji vibarua wengi, na vibarua walihitaji kulipwa na kulishwa. Mvua ya ghafla ilipoikuta ngano chini, mavuno yaliharibika.

Kijana wa Drummartin alikuwa amezungusha gurudumu hilo la kupepetea tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi, wazo lililokuwa likizungumzwa kote Victoria lilimwingia: mashine moja inayochana, kupura na kupepeta palepale inapotembea, na kutoa ngano iliyo tayari kutiwa katika gunia. Akishirikiana na babake na nduguye John, aliokota sehemu za mashine kuukuu, akazifua na kuziunganisha katika kibanda cha uhunzi hapo nyumbani. Mwaka wa 1884 mashine hiyo ilijaribiwa katika shamba la familia na ikafanya kazi. Mwaka uliofuata McKay alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi dhidi ya waigaji.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Kwa miaka mingi kampuni ya McKay ilitangaza kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza duniani kuunda mashine ya namna hiyo, na watoto wa shule wakafundishwa hivyo. Si kweli kabisa. Huko Michigan, Marekani, Hiram Moore aliunda mashine ya kuvuna na kupura kwa pamoja katika miaka ya 1830. Hata pale Victoria kwenyewe, James Morrow alikuwa na hataza ya mashine inayofanana nayo kabla ya McKay. Wanahistoria wa zana za kilimo wamebishana sana kuhusu nani alimtangulia nani.

Lisilobishaniwa ni kwamba McKay ndiye aliyeifanya mashine hiyo kuwa kitu ambacho mkulima wa kawaida angeweza kukinunua, kukiamini na kukipatia vipuri. Uvumbuzi wake mkubwa, kwa maoni yangu, haukuwa katika kile kibanda cha uhunzi. Ulikuwa katika kuuza. Alizunguka mashambani, akaionyesha mashine yake mbele ya wakulima, akasikiliza walipolalamika na akairekebisha msimu kwa msimu. Alijua wanachokitaka kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Mwanzo haukuwa rahisi. Kwanza alitegemea mafundi wengine wamtengenezee, kisha mwaka wa 1888 kampuni ikaundwa na kiwanda kikafunguliwa Ballarat, mji uliojengwa kwa dhahabu. Mapema katika miaka ya 1890 uchumi wa Victoria uliporomoka. Benki zilifunga milango, bei za ardhi zikaanguka na wakulima wakashindwa kulipa madeni yao. Kampuni ya McKay nayo ikazama. Alikusanya mabaki yake, akatafuta washirika wapya na kuanza tena.

Ni katika kipindi hicho cha dhiki ambapo mashine yake ilipata jina la Sunshine, yaani mwanga wa jua. Inasimuliwa kwamba alilipata jina hilo baada ya kumsikiliza mhubiri wa Kimarekani T. De Witt Talmage, aliyezuru Australia mwaka wa 1894. Lilikuwa jina zuri la biashara. Mashine iliyovuna vyema jua likiwa kali iliitwa kwa jina la jua lenyewe.

Kisha ukame ukaja. Mwaka wa 1902 mashamba ya ngano ya Australia yalikuwa yamekauka, na mtu anayeuza mashine za kuvunia hakuwa na wa kumuuzia. McKay aliyatazama mataifa mengine yenye kiangazi kama cha kwao, akawapeleka watu wake Argentina. Nyanda za huko zilikuwa pana na vibarua wa mavuno walikuwa ghali. Mashine za Sunshine zikaanza kuvuka bahari kwa mamia, na miaka michache baadaye sehemu kubwa ya zilizoundwa kiwandani mwake ilikuwa ikienda Amerika Kusini.

Mafanikio hayo yaliwavuta washindani. Kampuni ya Massey-Harris ya Canada na ile ya International Harvester ya Marekani zilianza kuuza Australia mashine za kuchana masuke zilizoundwa kwao. McKay alidai kwamba mashine yake ilinunuliwa, ikasafirishwa ng'ambo na kuigwa. Akaiendea serikali kuomba ulinzi.

Hapo ndipo mwana wa mhamiaji alipokutana na siasa, na ndipo sehemu ya maisha yake inayotuhusu zaidi ilipoanzia.

Makoloni ya Australia yalikuwa yameungana kuwa taifa moja mwaka wa 1901. Serikali ya Waziri Mkuu Alfred Deakin, iliyotegemea kura za chama cha Leba bungeni, ilikubali kuwalinda wenye viwanda, lakini kwa sharti. Mwaka wa 1906 bunge lilipitisha sheria mbili zilizokwenda pamoja. Ya kwanza iliweka ushuru wa forodha wa pauni 12 kwa kila mashine ya aina hiyo iliyotoka nje. Ya pili iliweka ushuru wa pauni sita kwa kila mashine iliyoundwa nchini, lakini ikamsamehe kabisa mwenye kiwanda aliyewalipa wafanyakazi wake ujira wa haki na unaofaa.

Fikra iliyokuwa nyuma ya sheria hizo ilikuwa nyepesi. Ikiwa mlaji anatozwa bei ya juu ili kiwanda cha nyumbani kistawi, basi faida hiyo isiishie mfukoni mwa tajiri peke yake. Mfanyakazi naye apate chake.

Tatizo ni kwamba bunge halikusema ujira wa haki ni kiasi gani. Liliiachia kazi hiyo mahakama ya upatanishi na usuluhishi wa mizozo ya kazi. Rais wa mahakama hiyo alikuwa Henry Bournes Higgins, ambaye pia alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Australia. Higgins alizaliwa mwaka wa 1851 mjini Newtownards, huko huko Ulster. Kwa hivyo watu wawili wa asili moja, Waprotestanti wote wawili, mmoja mwana wa mwashi na mwingine mwana wa mchungaji wa Kimethodisti, walikutana upande wa pili wa dunia kubishana kuhusu kibarua anastahili kula nini.

Zaidi ya viwanda mia moja vya Victoria viliomba msamaha wa ushuru. Higgins alichagua ombi la McKay kuwa la kwanza kusikilizwa kwa sababu kiwanda chake kilikuwa kikubwa, kilikuwa na mafundi wa kila aina, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimejitokeza kulipinga.

McKay wakati huo alikuwa ameihamisha kazi yake. Mwaka wa 1904 alinunua kiwanda huko Braybrook Junction, viungani mwa Melbourne, na mwaka wa 1906 akaanza kuihamishia huko shughuli ya Ballarat. Mahali hapo palikuwa karibu na reli na bandari. Wapinzani wake walisema palikuwa na faida nyingine: palikuwa nje ya mipaka ya bodi iliyopanga mishahara ya sekta hiyo mjini. Mwaka wa 1907 wakazi waliomba mji wao ubadilishwe jina, ukaitwa Sunshine, kama mashine.

Kesi ilipoanza Oktoba 1907, upande wa McKay ulijenga hoja yake juu ya soko. Shilingi sita kwa siku ndizo waajiri wengi wa aina yake walizokuwa wakiwalipa vibarua wasio na ufundi. Alikuwa halipi chini ya wenzake. Watu walikuwa wakija langoni kuomba kazi kwa malipo hayo. Kuna ubaya gani hapo?

Higgins aliona kwamba ikiwa bunge lilitaka malipo yaamuliwe na soko, lisingekuwa na haja ya kutunga sheria. Kwa hivyo akaligeuza swali. Badala ya kuuliza kiwanda kinaweza kulipa nini, aliuliza binadamu aliye katika jamii iliyostaarabika anahitaji nini ili aishi. Wala hakutaka kuvichunguza vitabu vya hesabu vya McKay kujua faida yake. Kwake, mahitaji ya kibarua hayakutegemea iwapo tajiri wake alipata au alipoteza mwaka huo.

Baada ya hapo wakaitwa mashahidi ambao mahakama za wakati huo hazikuzoea kuwasikiliza kuhusu mambo ya uchumi: wake wa wafanyakazi. Walieleza wanachotumia kwa wiki. Kodi ya nyumba, mkate, nyama, maziwa, mboga, vitu vya dukani, kuni na makaa. Higgins alijumlisha na kugawa, akapata wastani wa pauni moja, shilingi 12 na peni tano kwa familia ya watu wapatao watano.

Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka kwamba pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi ya Kiingereza ilikuwa na peni 12. Basi tufanye hesabu. Kibarua wa McKay aliyefanya kazi siku sita bila kukosa hata moja alipata shilingi 36. Akitoa shilingi 32 na peni tano za chakula, kodi na kuni, alibakiwa na shilingi tatu na peni saba. Kutokana na hizo anunue taa, nguo, viatu vya watoto, vyombo na vitabu vya shule. Alipe nauli, bima na ada ya chama. Aweke akiba ya ugonjwa na mazishi. Na atoe sadaka. Na hiyo ni wiki njema. Mvua ikinyesha kiwanda kikafungwa, au akiugua siku mbili, hata kodi haifiki.

Jaji alisema shilingi sita hazitoshi. Aliweka saba kwa siku, sawa na 42 kwa wiki, kiwango ambacho mabaraza kadhaa ya miji na mashirika ya umma yalikuwa tayari yanawalipa vibarua wao. Mafundi walipangiwa zaidi kulingana na ustadi wao. McKay akanyimwa cheti cha msamaha.

Angeweza kuongeza ile shilingi. Hakuongeza. Serikali ilipomdai ushuru, pamoja na mwenye kiwanda mwenzake aliyeitwa William Barger, walikwenda Mahakama Kuu wakisema kwamba sheria yenyewe ilikuwa kinyume cha katiba. Juni 1908 majaji watatu dhidi ya wawili waliwaunga mkono. Walisema sheria hiyo ilijifanya ya ushuru ilhali ilikuwa ya kupanga masharti ya kazi, jambo ambalo bunge la taifa halikupewa mamlaka nalo. Mmoja wa wale wawili walioshindwa alikuwa Higgins mwenyewe.

Ukiangalia karatasi tu, McKay alikuwa ameshinda. Sheria ilikufa, deni la ushuru likafutika, na shilingi yake akabaki nayo. Lakini Higgins aliendelea kuwa rais wa mahakama ya upatanishi hadi mwaka wa 1921, na kila mzozo wa kazi ulipomfikia, alianza na kipimo kile kile cha shilingi saba, akikiongeza bei za bidhaa zilipopanda. Mahakama nyingine zilimfuata. Mshahara wa msingi ukawa desturi ya taifa, na ukadumu hadi mwaka wa 1967 mfumo huo ulipobadilishwa.

Haifai kuupamba uamuzi huo kupita kiasi. Ulimhesabu mfanyakazi kuwa mwanamume mwenye mke na watoto watatu. Mwanamke aliyefanya kazi alichukuliwa kuwa mtu anayejilisha peke yake, hata akiwa mjane mwenye watoto, na kwa miongo mingi alilipwa kiasi cha nusu tu. Malipo sawa kwa wanawake yalianza kutambuliwa mwaka wa 1969 na 1972. Wenyeji asilia waliochunga ng'ombe katika ranchi za kaskazini walisubiri hadi uamuzi wa mwaka wa 1966 ndipo wakahesabiwa kuwa wafanyakazi wanaostahili mshahara kamili.

Swali la familia lilitufikia nasi pia. Katika Kenya ya ukoloni, mwajiri alimlipa Mwafrika kama kapera, kana kwamba mke na watoto walioachwa kijijini walilishwa na hewa. Kamati ya Carpenter ya mwaka wa 1954 ndiyo iliyopendekeza kwamba kima cha chini kianze kusogezwa polepole kutoka mahitaji ya mtu mmoja hadi ya familia. Leo Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo yanayofaa, na mabishano kuhusu maana ya neno hilo yanarudi kila mwaka.

McKay hakuwa mtu wa kupenda kuamriwa. Mapema mwaka wa 1911 chama cha waunda zana za kilimo kilitaka asimwajiri yeyote asiye mwanachama. Alikataa katakata. Mgomo ulidumu wiki 13, na familia za Sunshine zikaishi kwa michango. Mwishowe wafanyakazi walirudi kazini bila kupata walichokidai.

Ni mtu huyo huyo aliyejenga mji. Alinunua ardhi kuzunguka kiwanda na kuwauzia wafanyakazi viwanja, akasaidia kuleta umeme, akatenga mahali pa bustani, akachangia elimu ya ufundi kwa vijana. Ukimtazama kwa jicho la chama cha wafanyakazi, alikuwa akitoa kwa mkono mmoja alichokinyima kwa mwingine, na akitaka kushukuriwa. Ukimtazama kwa jicho lake mwenyewe, alikuwa mkulima aliyejenga kutoka sifuri, na hakuona kwa nini mtu ambaye hajawahi kulipa mishahara amwambie jinsi ya kuilipa. Nadhani hakuwahi kuwa mnafiki. Ukarimu aliuona kuwa wajibu wa tajiri. Ila aliutaka utoke moyoni mwake, usitoke kwa jaji.

Jicho lake la shambani halikumtoka. Headlie Taylor, mkulima wa Henty huko New South Wales, alikuwa ameunda mashine bora kuliko ya Sunshine, iliyoweza kukata masuke na kuinua hata ngano iliyolazwa chini na upepo. Mwenye kiwanda mwingine angempiga vita. McKay alinunua haki za mashine hiyo mwaka wa 1916 na kumwajiri Taylor aisimamie kiwandani. Mwaka wa 1924 kiwanda cha Sunshine kikatoa toleo linalojiendesha lenyewe kwa injini, bila farasi wala trekta. Kufikia hapo kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu mbili, na kilitajwa kuwa kikubwa zaidi cha aina yake kusini mwa ikweta.

Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya CBE mwaka wa 1918. Miaka yake ya mwisho aliishi Rupertswood, jumba la kifahari huko Sunbury ambalo wapenzi wa kriketi wanalijua kwa kuhusishwa na chanzo cha kombe la Ashes. Alifariki humo Mei 21, 1926 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 60. Aliacha mali ya zaidi ya pauni milioni moja.

Sehemu ya mali hiyo ilikwenda katika mfuko wa hisani wa kuwasaidia watu wa mashambani. Miongoni mwa aliyoyaagiza ni pauni 2,000 kwa mchungaji wa Kipresbiteri John Flynn, aliyekuwa na ndoto ambayo wengi waliiona ya ajabu: kuwapelekea wagonjwa wa nyika daktari kwa ndege. Fedha hizo zilikuja na sharti kwamba kanisa litafute nyingine za kuziongezea. Mei 1928 ndege ya kwanza ya huduma hiyo ilipaa kutoka Cloncurry, Queensland. Wakenya wanaijua kazi ya namna hiyo kupitia madaktari wa ndege wa AMREF, walioanza kuruka kutoka Nairobi baada ya shirika hilo kuasisiwa mwaka wa 1957.

Kampuni yenyewe haikubaki mikononi mwa familia. Mwaka wa 1930 iliungana na tawi la Australia la Massey-Harris, yule yule mshindani aliyedaiwa kuiga mashine. Wakanada hao baadaye waliungana na Harry Ferguson, ambaye naye alikuwa mwana wa mkulima wa Ulster, na mwaka wa 1955 wakanunua kilichosalia cha biashara ya McKay. Kuanzia mwaka wa 1958 waliitwa Massey Ferguson, jina lililo ubavuni mwa trekta nyekundu zilizolima Rift Valley kwa miongo mingi.

Kiwanda cha Sunshine kilifungwa katika miaka ya 1980, na majengo yake mengi yakabomolewa kupisha maduka. Bustani aliyoianzisha ingalipo. Wanafunzi wa sheria wa Australia nao hukutana na jina lake katika kesi ya 1907, ambayo hadi leo huandikwa kwa jina la McKay na huitwa Uamuzi wa Mashine ya Mavuno. Ile ya 1908, aliyoishinda, wanaijua kama kesi ya Barger.